Safari ya Kwenda Kutazama Roketi Ikipaa

Wazee husema kwamba macho hayana pazia. Katikati ya mwezi wa Julai, mwaka 1969, msemo huo ulithibitika katika pwani ya mashariki ya Florida, huko Marekani. Watu wapatao milioni moja waliacha nyumba zao, mashamba yao na maofisi yao, wakasafiri kwa motokaa, kwa mabasi, kwa ndege na kwa mashua, ili wapate kusimama ukingoni mwa maji na kutazama kitu kimoja tu: roketi iliyokuwa tayari kuwapeleka watu watatu mwezini.

Jambo hilo wangeweza kulitazama wakiwa nyumbani. Televisheni na redio zilikuwa zimejiandaa kulitangaza, na watu wengi zaidi katika nchi nyingi walilifuata kwa njia hiyo. Basi kwa nini mtu apoteze mshahara wa siku kadhaa, alale ndani ya motokaa pamoja na watoto wake, na kuumwa na mbu usiku kucha, kwa ajili ya jambo litakalokwisha kwa dakika chache? Swali hilo lastahili kujibiwa, maana safari ile ilikuwa na mambo mawili ndani yake. La kwanza ni ajabu ya kazi ya mikono ya binadamu. La pili ni swali zito lililoulizwa mlangoni siku moja kabla ya roketi kuondoka, nalo halijazeeka hata leo.

MAHALI PENYEWE

Uwanja wa roketi hiyo ulikuwa katika Kisiwa cha Merritt, kwenye Kituo cha Anga cha Kennedy, kilichopewa jina la Rais John F. Kennedy aliyeuawa mwaka 1963. Ni nchi tambarare, yenye vinamasi, mbu, na ndege wengi wa majini. Imetengwa na bara kwa maji mapana yaitwayo Indian River, ijapokuwa kwa hakika si mto bali ni mkono wa bahari.

Mahali hapo palichaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, upande wa mashariki ni bahari tupu. Roketi hudondosha vipande vyake njiani, na hata ikiharibika, mabaki yake huanguka majini wala si juu ya nyumba za watu. Pili, dunia hujizungusha kuelekea mashariki, na kadiri mahali palivyo karibu na Ikweta ndivyo ardhi yake inavyokwenda kwa kasi zaidi. Penye Ikweta kasi hiyo hupita maili 1,000 kwa saa. Huko Florida ni kama maili 900. Roketi ikielekezwa mashariki huondoka hali imekwisha kupewa mwendo huo bure, kama vile mtu atupaye jiwe mbele akiwa juu ya gari linalokwenda.

Siku mbili tatu kabla ya tarehe iliyowekwa, mahoteli ya mji wa Cocoa Beach yalikuwa yamejaa, na barabara zote za kuelekea pwani zilisongamana. Wageni wasiopata vyumba walipiga mahema kando ya njia, wengine wakalala ndani ya motokaa au juu ya mchanga. Mashua zilitia nanga majini, moja karibu na nyingine. Mjini Titusville, ng'ambo ya maji, watu walikaa umbali wa maili kumi na mbili hivi kutoka kwenye roketi. Hata kwa umbali huo waliweza kuiona usiku, imesimama ikiwa nyeupe katikati ya mataa makubwa.

Wakuu walipewa mahali pao. Miongoni mwao alikuwamo Bwana Lyndon Johnson, aliyemaliza urais mwezi wa Januari mwaka uo huo, na Makamu wa Rais, Bwana Spiro Agnew, pamoja na magavana, mabalozi na wajumbe wa Baraza la kutunga sheria. Waandishi wa habari peke yao walizidi 3,000. Walakini hata wakuu hao hawakuruhusiwa kusogea karibu zaidi ya maili tatu na nusu. Kama roketi ile ingelipuka uwanjani, mahali palipo karibu zaidi ya hapo pasingekuwa salama kwa mtu yeyote, awe mkubwa au mdogo.

ROKETI YA SATURN V

Roketi hiyo iliitwa Saturn V. Pamoja na chombo cha Apollo kilichokuwa kileleni mwake, urefu wake ulikuwa futi 363. Minazi minne mirefu kabisa ikisimamishwa, mmoja juu ya kichwa cha mwenzake, ndiyo ingeukaribia urefu huo. Ilipojazwa mafuta uzito wake ulizidi tani 2,700.

Jambo moja lingemshangaza mkulima yeyote. Sehemu ya chini ya roketi hiyo, yenye mitambo mitano mikubwa, iliwaka kwa mafuta ya taa. Ni kweli kwamba yalikuwa yamesafishwa sana kuliko yale ya dukani, lakini ni jamaa moja na mafuta yaliyomo katika taa ya chemli. Lita 770,000 hivi zilitiwa katika sehemu hiyo, yaani zaidi ya madebe 40,000. Moto hauwezi kuwaka bila hewa, na huko juu hewa haiko. Kwa hiyo roketi ilichukua pia oksijeni yake, iliyopozwa hata ikawa maji, yenye baridi iliyo chini ya barafu kwa nyuzi za Selsiasi 183. Mitambo yote mitano ilipowaka pamoja, ilimeza tani 13 hivi za mafuta na oksijeni kila sekunde. Sehemu hiyo yote ilimaliza chakula chake katika muda usiotimia dakika tatu.

Wahenga wetu waliosema kwamba haraka haraka haina baraka wangefurahi kusikia jinsi roketi hiyo ilivyofikishwa uwanjani. Tarehe 20 Mei, mwaka 1969, ilitolewa katika jumba ilimounganishwa, ikiwa imesimama wima juu ya gari kubwa lenye minyororo kama ya trekta. Safari ya maili tatu na nusu ilichukua saa nyingi, maana gari hilo halikufikia mwendo wa maili moja kwa saa. Chombo cha mwendo mkali kuliko vyote kilikwenda kwanza polepole kuliko mtoto aendaye kuteka maji.

GARI LA NYUMBU MLANGONI

Jumanne tarehe 15 Julai, wakati manyunyu yalipokuwa yakianguka, kundi la mamia ya Wamarekani weusi lilikuja kwa miguu kukielekea kituo. Hawakuja kutazama tu. Kiongozi wao alikuwa Kasisi Ralph Abernathy, rafiki na mrithi wa Dakta Martin Luther King aliyeuawa tarehe 4 Aprili 1968. Pamoja nao lilikuja gari la kukokotwa na nyumbu, yaani wale wanyama wazaliwao na punda na farasi.

Gari hilo halikuwa mchezo. Katika majimbo ya kusini ya Marekani nyumbu ndiye mnyama aliyelima mashamba ya maskini, hasa ya watu weusi waliotoka utumwani. Hata jeneza la Dakta King lilikokotwa na nyumbu siku ya maziko yake. Basi pande mbili zilielekeana: huku roketi ya futi 363, huku gari la mbao ambalo babu zao waliligemea kwa riziki yao.

Mkuu wa Idara ya Anga ya Marekani, iitwayo NASA, alikuwa Dakta Thomas Paine. Yeye hakujifungia ofisini wala hakuwatuma askari wawafukuze. Alitoka, akawaendea uwanjani, akasimama mbele yao akasikiliza.

Kasisi Abernathy alieleza kwamba mtu mmoja katika kila watano wa nchi ile tajiri hakuwa na chakula cha kutosha, wala mavazi, wala nyumba, wala matibabu ya kufaa. Alisema kwamba hakuja kuidharau kazi ya wanaanga. Alikuja kulalamika kwamba taifa lake lilishindwa kupanga lipi litangulie na lipi lifuate. Kisha akaomba mambo matatu: kwamba jamaa kumi za maskini wake waruhusiwe kutazama roketi kutoka mahali pa wageni, kwamba Idara ya Anga iunge mkono vita dhidi ya umaskini, na kwamba elimu ya wataalamu wake itumiwe pia kuishinda njaa.

Dakta Paine alijibu kwa adabu. Alisema kwamba kama kuacha kubonyeza kile kitufe cha kuiondoa roketi kungewaondolea watu umaskini, basi wasingekibonyeza. Akaongeza kwamba, ukilinganisha na taabu za wanadamu, kufika mwezini ni kazi nyepesi. Aliwataka walifunge gari lao kwenye roketi, yaani waitumie kazi hiyo kama mfano wa kulihimiza taifa lifanye makubwa katika mambo mengine. Mwishowe akawaomba wawaombee wale watu watatu. Kasisi akakubali, na jamaa za maskini wakapewa nafasi ya kuingia.

Msomaji na alitafakari jambo hilo. Mpango mzima wa Apollo uligharimu dola zaidi ya milioni elfu 20. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na haikuwa haki kumwambia mwenye njaa atazame juu mbinguni asahau tumbo lake. Hata hivyo Kasisi yule hakuchagua kurusha mawe. Alilitoa swali lake waziwazi mbele ya mwenye madaraka, akaahidi kuwaombea watu ambao safari yao aliilaumu gharama yake.

ASUBUHI YA JUMATANO

Wanaanga walikuwa Neil Armstrong, Edwin Aldrin na Michael Collins. Wote watatu walizaliwa mwaka 1930. Tarehe 16 Julai waliamshwa saa kumi na robo alfajiri, wakala, wakavikwa mavazi yao mazito, na kabla ya saa moja asubuhi Armstrong alikuwa amekwisha kuingia katika chombo. Walijua hatari iliyopo. Wenzao watatu, Virgil Grissom, Edward White na Roger Chaffee, walikufa kwa moto tarehe 27 Januari 1967, wakiwa ndani ya chombo cha Apollo kwa ajili ya majaribio tu, hali hakijaondoka ardhini.

Watazamaji nao walijua. Ndiyo maana, asema kila aliyekuwapo, kadiri saa ilivyokaribia ndivyo kelele za mabarazani na ufuoni zilivyopungua. Redio ndogo zilifunguliwa kila mahali, zikihesabu dakika kwa kurudi nyuma. Iligunduliwa kwamba vali moja ya haidrojeni ilikuwa ikivuja, na mafundi wakapelekwa palepale kwenye roketi iliyokwisha kujazwa mafuta, wakakaza misumari ya skrubu. Mafundi hao majina yao hayakutangazwa ulimwenguni, lakini bila ushujaa wao huenda safari ingeahirishwa.

Ilipofika karibu saa tatu na dakika 32 asubuhi, moto ulionekana. Mitambo iliwaka karibu sekunde tisa kabla ya roketi kuachiliwa, nayo ilishikwa kwa vyuma vikubwa mpaka nguvu zake zilipotimia. Moshi na mvuke vilitapakaa kushoto na kulia. Vipande vya barafu vilivyogandia ubavuni kwa sababu ya baridi ya oksijeni vilidondoka kama mvua ya mawe. Kisha roketi ikaanza kupanda.

Hapo ndipo aliyesafiri alipopata kitu ambacho aliyebaki nyumbani hakukipata. Jambo la kwanza lilikuwa ukimya. Moto mkubwa ule ulionekana bila sauti yoyote. Kila mkulima ajua kwamba umeme wa radi huonekana kwanza, na ngurumo hufuata. Na kwamba ukihesabu katikati waweza kukisia umbali wake. Ndivyo ilivyokuwa. Kwa wale waliokaa maili tatu na nusu, sauti ilichukua sekunde 16 hivi kuwafikia. Kwa wale wa Titusville ilichukua karibu dakika nzima, na roketi ilikuwa imekwisha kwenda juu sana kabla hawajaisikia.

Jambo la pili lilikuwa upole wa kuondoka kwake. Watu walidhani itaruka kama risasi. Kumbe ilijiinua polepole, kama mzee anyanyukaye na mzigo, na zaidi ya sekunde kumi zikapita kabla haijakipita kilele cha mnara uliokuwa kando yake. Mtazamaji alipata wakati wa kuogopa kwamba itarudi chini.

Jambo la tatu lilikuwa sauti yenyewe ilipofika. Haikusikika kwa masikio peke yake. Iligonga kifua, ikatikisa nguo mwilini na mabati ya mabaraza, na ardhi ikatetemeka chini ya miguu. Ndege wa majini waliruka makundi kwa makundi. Watu wazima walilia bila kuona haya, wengine wakapiga makofi, wengine wakashikana mikono na watu wasiowajua. Kwa dakika hizo chache milioni ile ilikuwa kama jamaa moja iliyosimama kumuaga msafiri wake.

Baada ya dakika mbili na sekunde arobaini hivi sehemu ya chini ilimaliza kazi, ikaachwa ianguke baharini. Kabla ya dakika kumi na mbili kutimia, chombo kilikuwa kikiizunguka dunia. Nchini Kenya ilikuwa saa kumi na dakika 32 alasiri roketi ilipoondoka, wakati ambapo wachungaji huanza kufikiri habari ya kurudisha ng'ombe. Na Armstrong alipokanyaga mwezi, siku ya Jumatatu tarehe 21 Julai kwa saa za huku, ilikuwa bado dakika nne kutimia saa kumi na mbili asubuhi.

MANENO YA KASISI

Kasisi Abernathy naye alikuwapo asubuhi ile. Baada ya roketi kutoweka alikiri kwamba alijiona kuwa mmoja wa Wamarekani wenye fahari kuu. Alisema kwamba ardhi ile ni takatifu. Na kwamba itakuwa takatifu zaidi siku ile wenye njaa watakapolishwa, wagonjwa watakapotunzwa, na wasio na nyumba watakapopewa makao.

Maneno hayo ni ya mtu mwenye akili timamu. Hakuyakana aliyoyasema jana kwa sababu ya kuvutwa na maajabu ya leo. Wala hakuyafumbia macho maajabu kwa sababu ya uchungu wake. Aliyabeba yote mawili. Tena yafaa kukumbuka kwamba watu weusi hawakuwa mlangoni tu. Miongoni mwa waliopiga hesabu za safari za Apollo alikuwamo Bibi Katherine Johnson, mwanamke mweusi aliyezaliwa mwaka 1918 katika jimbo la West Virginia. Alikuwa mwalimu wa shule kabla ya kuajiriwa kupiga hesabu mwaka 1953. Alianza kazi yake katika afisi ambamo watu weusi walitengwa na weupe. Walakini kalamu yake ilisaidia kuonyesha njia ya kwenda na kurudi. Karani yeyote anayeidharau kazi ya tarakimu na alikumbuke jina hilo.

MSAFIRI NA AJITAYARISHE

Safari za mwezini za Apollo zilikwisha mwezi wa Desemba mwaka 1972, baada ya watu kumi na wawili kuutembelea mwezi. Walakini roketi nyingine nyingi zimeondoka Florida tangu wakati huo, na wasafiri bado huenda kuzitazama. Atakayekwenda na ayajue mambo machache.

Kwanza, asijifungie siku moja tu. Upepo, mawingu, radi au kasoro ndogo ya mtambo yaweza kuahirisha jambo kwa saa moja au kwa wiki nzima. Mtu aliyekata tikiti ya kurudi jioni ileile mara nyingi hurudi na masikitiko. Pili, achukue maji ya kunywa, kofia na chakula, maana jua la pwani halimhurumii mgeni. Tatu, asiyatumie yale madakika machache kwa kuhangaika na kamera. Picha nzuri zitapigwa na wenye kazi hiyo. Yeye alikwenda kwa ajili ya ile sauti isiyoingia katika picha. Nne, awe na subira ya kurudi, kwa kuwa watu waliofika kwa siku tatu hutaka kuondoka kwa saa moja. Mwaka 1969 motokaa zilisimama barabarani kwa saa nyingi baada ya roketi kupotea machoni.

Tano, na hili ni zito, akumbuke kwamba hatazami mchezo. Asubuhi ya tarehe 28 Januari 1986 watu walikusanyika mahali palepale kutazama chombo kiitwacho Challenger. Miongoni mwa waliopanda alikuwamo Bibi Christa McAuliffe, mwalimu wa shule. Sekunde 73 baada ya kuondoka, chombo kilivunjika hewani, na watu wote saba waliokuwamo wakafa huku jamaa zao wakitazama. Mtu asafiriye kuona ushujaa hana budi kuwa tayari kuona gharama yake.

PWANI YA KENYA NAYO

Msomaji asidhani kwamba mambo haya yote ni ya ng'ambo. Faida ile ya kuwa karibu na Ikweta ndiyo iliyowaleta Waitaliano katika maji ya Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Huko walisimamisha majukwaa ya chuma juu ya miguu baharini, wakayaita San Marco na Santa Rita. Kuanzia mwaka 1967 mpaka 1988 roketi tisa ziliondoka hapo kupeleka setilaiti angani. Hazikuwa majitu kama Saturn V. Ziliitwa Scout, zenye urefu wa futi 75 hivi, nazo ziliwaka kwa baruti ngumu badala ya mafuta ya taa.

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ilipokuwa ikiadhimisha miaka saba ya kujitawala, roketi mojawapo iliondoka na setilaiti ya Marekani ya kuchunguza miali ya eksirei itokayo kwenye nyota. Kwa heshima ya siku hiyo na ya wenyeji, setilaiti hiyo ilipewa jina la Uhuru. Wataalamu wa nyota wa dunia nzima hulitaja neno hilo la Kiswahili hata leo, kwa maana ilikuwa setilaiti ya kwanza kutengenezwa kwa kazi hiyo peke yake, nayo iliwafunulia mambo mengi yasiyojulikana.

JE, SWALI LIMEJIBIWA?

Yabaki lile swali la gari la nyumbu. Je, roketi imempa nini mwenye njaa?

Jibu la haki ni kwamba kwa miaka mingi ilimpa kidogo, kisha ikaanza kumpa kitu. Mwaka 1972 Marekani ilipeleka angani setilaiti ya kwanza ya ule mpango uitwao Landsat, kazi yake ikiwa kuitazama ardhi: misitu, mito, malisho na mashamba. Mwaka 1975 kituo cha kutengeneza ramani kwa ajili ya nchi za Afrika kilianzishwa mjini Nairobi, nacho hutumia picha za namna hiyo. Na tarehe 15 Aprili 2023, baada ya kuahirishwa zaidi ya mara moja kwa sababu ya hali ya hewa, roketi iliondoka California ikiwa imeichukua Taifa-1, setilaiti ya Kenya ya kuitazama ardhi. Kazi iliyotajwa kwanza kwa ajili yake ilikuwa kusaidia kilimo na usalama wa chakula.

Lakini picha ya shamba lililokauka si unga. Setilaiti yaweza kuonyesha kwamba mvua imekosekana. Haiwezi kumpelekea mtu gunia la mahindi, wala kuchimba kisima, wala kumlazimisha afisa aisome taarifa iliyo mezani pake. Kazi hiyo imebaki kuwa ya watu. Dakta Paine alisema kweli alipokiri kwamba kufika mwezini ni rahisi kuliko kuyaondoa matatizo ya wanadamu, na Kasisi Abernathy alisema kweli alipokataa kuridhika na jibu hilo.

Basi anayesafiri kwenda kutazama roketi na aende kwa furaha, maana ni haki ya macho kuona makubwa. Sauti ile itakapompiga kifuani, naye akajisikia kwamba hakuna lisilowezekana kwa wanadamu wakishikamana, na aitunze hisia hiyo mpaka nyumbani. Huko ataikuta kazi inayoihitaji: shamba la jirani lililokosa mbegu, zahanati isiyo na dawa, na mtoto aliyelala bila kula. Gari la nyumbu halijafika bado.